Ramayana au Mahabharata: uanze na ipi, na kwa nakala gani

Katika Ramayana, mdogo mtu anapewa kiti cha enzi asichokitaka. Anamfuata kaka yake msituni, anambembeleza arudi, na anapokataliwa anaomba mitawanda yake, anaiweka juu ya kiti cha ufalme na kutawala kwa jina la mwenye mitawanda kwa miaka 14. Katika Mahabharata, watoto wa mkubwa na mdogo wanagombea ufalme mmoja. Upande mmoja unashuka mpaka kuomba vijiji 5 tu, na upande wa pili unajibu kwamba hautoi hata udongo wa kujaa ncha ya sindano.

Tofauti ya tenzi hizi mbili za Wahindu imo karibu yote katika matukio hayo. Ramayana inawafuata watu wanaojua linalowapasa na kuonyesha wanalilipia kiasi gani. Mahabharata inawachukua watu ambao yanayowapasa yanagongana, na haiwapi njia ya kutoka wakiwa safi.

Ushauri tuuweke mapema. Asiyewahi kusoma hata moja aanze na Ramayana, tena kwa masimulizi yaliyofupishwa ya kurasa mia mbili tatu, kisha aingie Mahabharata. Anayejijua kwamba atasoma moja tu basi, achukue Mahabharata. Na anayetaka kuziruka zote mbili aende moja kwa moja kwenye Bhagavad Gita, kipande cha Mahabharata, kwa sababu ni fupi, asubiri kidogo, tutamfikia.

Ukubwa wake, kwa kipimo cha utenzi

Zote mbili zimetungwa kwa Kisanskriti, na beti zake nyingi ni za aina inayoitwa shloka. Shloka ina vipande 4 vya mizani 8, jumla mizani 32. Aliyelelewa kwenye tenzi za Kiswahili atalitambua umbo hilo papo hapo, maana ubeti wa utenzi nao ni vipande 4 vya mizani 8. Ni sadfa ya kupendeza. Tusiigeuze kuwa udugu. Shloka haina vina: mwendo wake unatokana na mpangilio wa silabi ndefu na fupi, hasa kuelekea mwisho wa kipande.

Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 una beti 1,150 hivi. Ramayana kwa hesabu ya jadi ina 24,000, yaani zaidi ya Tambuka 20. Mahabharata inahesabiwa 100,000, kama Tambuka 87 zilizopangwa juu kwa juu. Ukisoma tafsiri kwa utulivu, tuseme beti 200 kwa saa, Ramayana nzima itakuchukua saa 120, ambazo kwa saa moja kila siku ni miezi 4. Mahabharata kwa mwendo huohuo ni saa 500: mwaka mmoja na miezi 4 au zaidi, bila kuugua wala kusafiri. Wengi wanaoikatia tamaa hawakushindwa na ugumu wake. Hawakupiga hesabu hiyo kabla ya kuanza.

| | Ramayana | Mahabharata |
|---|---|---|
| Mtungaji kwa jadi | Valmiki | Vyasa |
| Mgawanyo | kanda 7 | parva 18 |
| Beti kwa jadi | 24,000 | 100,000 |
| Toleo lililohakikiwa | Baroda, 1960–1975, chini ya beti 20,000 | Pune, kazi ya 1919–1966, karibu beti 75,000 |
| Adui | mfalme wa ng'ambo ya bahari | binamu, mjomba, babu, mwalimu |

(Kanda hapa ni neno la Kisanskriti lenye maana ya fungu au sehemu. Halina uhusiano na kanda za kaseti wala Kanda ya Ziwa. Toleo lililohakikiwa ni lile lililopatikana kwa kulinganisha miswada mingi; Baroda na Pune ni miji ya India yalikofanyiwa kazi.)

Kuhusu umri, wasomi wengi huona kiini cha Ramayana kilitungwa karne chache kabla ya Kristo, na Mahabharata ilikua polepole kati ya mwaka 400 KK na 400 BK hivi. Jadi ya Kihindu yenyewe huiweka hadithi ya Rama katika zama zilizotangulia vita vya Mahabharata. Jambo hilo lina faida ya moja kwa moja kwa msomaji: watu wa Mahabharata wanaijua habari ya Rama. Katika Vana Parva, kitabu cha tatu, mjuzi mmoja anamsimulia Yudhishthira, mmoja wa mashujaa wa utenzi huo, hadithi nzima ya Rama kwa beti zipatazo 700 ili kumliwaza. Kwa hiyo mwenye haraka anaweza kuipata Ramayana iliyofupishwa ndani ya Mahabharata, ingawa ladha yake ni ya muhtasari.

Uzito wa Ramayana uko wapi

Kisa chenyewe kinaelezeka kwa pumzi moja. Dasharatha, mfalme wa Ayodhya, ana wake watatu wanaotajwa sana. Kaikeyi, mmoja wao, aliwahi kuyaokoa maisha yake vitani akaahidiwa maombi mawili. Siku ambayo Rama, mwana wa mke mwenzake, anakaribia kutawazwa, Kaikeyi anadai deni: mwanawe Bharata atawale, na Rama aende msituni miaka 14. Rama hateti. Anakwenda na mkewe Sita na mdogo wake Lakshmana. Huko Ravana, mfalme wa Lanka mwenye vichwa 10, anamteka Sita. Rama anapata jeshi la nyani, Hanuman, mmoja wa nyani hao, anaruka bahari, daraja linajengwa, Ravana anauawa.

Ukiisoma kama hadithi ya wema dhidi ya uovu utachoka kufikia katikati. Malalamiko ya kawaida ya wasomaji wapya ni kwamba Rama ni mwema kupita kiasi. Dawa ni kukaza macho pale ambapo wema wake unamchubua mtu mwingine, na mahali hapo ni patatu.

Pa kwanza ni Vali. Ili apate msaada wa Sugriva wa ukoo wa nyani, Rama anamuua Vali, kaka yake Sugriva, kwa mshale akiwa amejificha, ndugu hao wawili wakipigana. Vali hafi kimya: anamhoji Rama kwa urefu, haki ya kumpiga mtu asiyekuwa akipigana naye aliitoa wapi. Rama anajibu kwamba Vali alimchukua mke wa mdogo wake, na tena Vali ni mnyama, na mwindaji huwinda kwa kujificha. Vali analipokea jibu. Wasomaji wengi hawajalipokea mpaka leo.

Pa pili ni baada ya ushindi. Sita analetwa mbele ya mumewe, na Rama anamwambia maneno makavu: kwamba vita alivipigana kwa heshima yake na ya ukoo wake. Sita anamwambia Lakshmana awashe moto, anaingia, na mungu wa moto anamtoa akiwa mzima. Pa tatu pamo katika Uttara Kanda, fungu la mwisho. Wananchi wanaendelea kusengenya, na Rama anamfukuza Sita akiwa mjamzito. Anahifadhiwa kwenye makao ya Valmiki, anawazaa pacha, Lava na Kusha, na miaka inapopita anatakiwa tena athibitishe usafi wake hadharani. Jina Sita lina maana ya mfuo wa jembe ardhini, maana baba yake alimwokota akilima. Mara hii haombi moto. Anamwomba mama yake, ardhi, ampokee, na ardhi inafunguka.

Wasomi wengi huona fungu la kwanza na la mwisho viliongezwa baadaye. Ndiyo maana baadhi ya masimulizi mafupi yanaishia Rama anapotawazwa, watu wakishangilia. Kabla ya kununua, fungua kurasa za mwisho: kama hakuna Lava na Kusha, una Ramayana ya mafungu 6. Si kosa, lakini ujue umepewa hadithi ya furaha na kunyimwa swali lake gumu kuliko yote.

Uzito wa Mahabharata uko wapi

Mahabharata inagombanisha matumbo mawili ya nyumba moja: Pandava 5, wana wa Pandu, na Kaurava 100, wana wa kaka yake Dhritarashtra aliyezaliwa kipofu. Kitovu cha utenzi huu, kwa maoni yetu, si vita. Ni mchezo wa dadu katika kitabu cha pili, Sabha Parva.

Yudhishthira, mkubwa wa Pandava na mtu anayesifiwa kwa uadilifu, anacheza kamari na mjanja Shakuni. Anapoteza mali, ufalme, wadogo zake mmoja mmoja, kisha anajiweka rehani mwenyewe na kupotea. Ndipo anamweka rehani Draupadi, mke wa ndugu wote watano. Anapotumwa mjumbe kumleta barazani, Draupadi anamrudisha na swali: nenda ukamuulize mcheza kamari huyo, alimpoteza nani kwanza, yeye mwenyewe au mimi? Kama alikwisha kuwa mtumwa, mtumwa ana mali gani ya kuweka rehani?

Tazama jinsi baraza linavyojibu. Bhishma, babu wa wote na mjuzi wa sheria kuliko wote, anasema dharma ni nyembamba mno na hawezi kulikata shauri hilo. Vikarna, kijana wa Kaurava, anasimama kumtetea Draupadi na kunyamazishwa. Waume zake wameinamisha vichwa. Dushasana, mmoja wa Kaurava, anaanza kumvua nguo, na nguo hazimaliziki. Swali lenyewe halijibiwi kamwe; mfalme kipofu anasikia mbweha akilia karibu na nyumba, anaingiwa na hofu, na kumpa Draupadi maombi ya kuwakomboa waume zake. Vita vyote vya baadaye vinatoka katika kikao hicho cha wazee walionyamaza.

Neno dharma, kwa njia, ndilo linalowapoteza wasomaji wengi. Wafasiri huligeuza mara sheria, mara haki, mara dini. Ndani ya tenzi hizi liko karibu zaidi na linalompasa mtu kwa nafasi aliyo nayo: mwana, mke, mfalme, askari, mwalimu. Mtu mmoja ana nafasi nyingi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo Mahabharata inapomkamata.

Vita vya Kurukshetra vinachukua siku 18, na karibu kila amiri mkubwa wa Kaurava anaangushwa kwa hila. Bhishma anapigwa na Arjuna, mmoja wa Pandava, aliyejikinga nyuma ya Shikhandi, ambaye Bhishma hakubali kumpiga kwa sababu alizaliwa mwanamke. Drona, mwalimu wao wa silaha, anaambiwa kwamba Ashwatthama amekufa. Aliyekufa ni tembo mwenye jina la mwanawe, na anayemwambia ni Yudhishthira asiyesema uongo. Karna, amiri aliyemfuata Drona, anapigwa gurudumu la gari lake likiwa limezama kwenye matope. Duryodhana, mkubwa wa Kaurava, anavunjwa paja, pigo lililokatazwa katika mchezo wa rungu. Kisha Ashwatthama anaingia kambini usiku na kuwachinja waliolala. Wanabaki 7 upande wa washindi na 3 upande wa pili. Yudhishthira anashinda ufalme na hautaki.

Waswahili tuna mausia: wagombanapo ndugu, chukua jembe ukalime. Kuna mtu aliyefanya hivyo katika Mahabharata. Balarama, kaka yake mungu Krishna, alizipenda pande zote mbili, akakataa kuegemea upande wowote, akaenda kuzuru mahali patakatifu kwenye mto Sarasvati. Na silaha yake, katika sanamu zake nyingi, ni jembe la kukokotwa.

Njia ya tatu: Gita peke yake

Bhagavad Gita ina sura 18 na beti 700, na inasomeka kwa siku mbili. Ni sehemu ya Bhishma Parva, kitabu cha sita cha Mahabharata. Katika toleo la Pune ni sura ya 23 hadi 40 za kitabu hicho. Katika tafsiri ya zamani ya Ganguli ni ya 25 hadi 42. Namba hizo ziandike mahali, maana watu hupoteza saa nzima wakiitafuta Gita ndani ya majuzuu.

Hatari ya kuisoma ikiwa imenyofolewa ni hii. Arjuna anasimama katikati ya majeshi, anamwona babu yake Bhishma na mwalimu wake Drona upande wa pili, upinde unamponyoka, na Krishna, dereva wa gari lake la vita, anamwambia apigane. Msomaji asiyejua yaliyotangulia anafunga kitabu akidhani ni wito wa vita. Aliyesoma Udyoga Parva, kitabu cha tano, anajua kwamba Krishna mwenyewe alikuwa amekwenda kwa Kaurava kuomba amani, na mazungumzo yote yalikwishakuvunjika. Ukitaka Gita tu, basi tanguliza mambo mawili: mchezo wa dadu, na safari hiyo ya Krishna. Ni usomaji wa jioni tatu nne.

Ramayana ipi?

Hapa uchaguzi ni mgumu kuliko upande wa pili, kwa sababu Wahindu wengi wanaosema wanaijua Ramayana hawazungumzii Valmiki. Wanazungumzia Ramcharitmanas ya Tulsidas, aliyoianza Ayodhya mwaka 1574 kwa Kiawadhi, lugha ya watu, akiwaachia wasomi Kisanskriti chao. Upande wa Watamili kuna Kamban. Bengali ina Krittivas. Kila mmoja alitunga upya, hakutafsiri.

Tofauti si za urembo. Kwa Valmiki, Rama ni mwanadamu muda mwingi, na mwenyewe anashangaa anapoambiwa na miungu kwamba ni mungu Vishnu. Kwa Tulsidas, Rama ni Mungu tangu ukurasa wa kwanza, anajijua, na kila tendo lake ni mchezo mtakatifu. Kwa Tulsidas, Sita anayetekwa ni kivuli tu. Sita halisi amehifadhiwa kwenye moto, na ule moto wa baada ya vita unakuwa njia ya kumrudisha. Kufukuzwa kwa Sita hakusimuliwi kabisa katika Ramcharitmanas. Kwa hiyo ukitaka kuelewa sala na mapenzi ya Wahindu wa kaskazini mwa India kwa Rama, soma Tulsidas. Ukitaka kuelewa ubishi wa karne nyingi juu ya Rama, soma Valmiki.

Kuna pia matoleo yanayopindua meza. Ramayana ya Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, iliyotungwa na Vimalasuri inamfanya Lakshmana ndiye anayemuua Ravana, kwa kuwa Rama wa Kijaini hatakiwi kumwaga damu. Thailand ina Ramakien, na wafalme wa ukoo wake wa sasa huitwa Rama. Java ilichonga hadithi hii kwenye mawe ya hekalu la Prambanan katika karne ya 9, na mpaka leo Waislamu wa Java hukesha wakitazama vivuli vya vikaragosi vya ngozi vikicheza tenzi zote mbili.

Mtego wa kawaida ni kudhani kila unachokijua kimo kwa Valmiki. Mstari ambao Lakshmana anauchora mbele ya kibanda na kumwambia Sita asiuvuke haumo. Yule mama mzee Shabari anayeonja matunda kwanza ili Rama apate matamu tu, naye haonji kwa Valmiki. Ukiandika makala au ukafundisha, sema umetoa toleo gani, la sivyo ubishi utakaofuata utakuwa wa watu wawili waliosoma vitabu viwili.

Kwa anayesoma Kiingereza, tafsiri ya toleo la Baroda iliyoongozwa na Robert Goldman, juzuu 7 zilizotoka 1984 hadi 2017, ndiyo yenye maelezo mengi. Inamfaa mwanafunzi na mwalimu, na inamlemea anayetaka hadithi.

Mahabharata ipi?

Tafsiri ya Kisari Mohan Ganguli ya 1883–1896 ni kamili, ni nathari, na haina tena hakimiliki, hivyo inapatikana bure. Kasoro yake ni Kiingereza cha enzi ya Malkia Victoria na majina yaliyoandikwa kizamani. Tafsiri ya Bibek Debroy, juzuu 10 za 2010–2014, inafuata toleo la Pune na inasomeka kwa wepesi zaidi. Tunaipendekeza kwa anayekusudia kumaliza.

Toleo la Pune lilifanywa kwa kulinganisha mamia ya miswada na kuhamishia pembeni beti zisizo na ushahidi wa kutosha. Matokeo yake yanaudhi watu. Kisa cha Ganesha kuwa karani wa Vyasa kimeondolewa kwenye matini kuu. Sala ya Draupadi kwa Krishna wakati anavuliwa nguo imeondolewa. Nguo zinaongezeka tu, bila kuambiwa nani anaziongeza. Na lile neno la kejeli, kwamba mwana wa kipofu naye ni kipofu, ambalo watu wengi wanaamini Draupadi alimtupia Duryodhana na kuanzisha balaa, halimo humo. Anayetaka Mahabharata ya waumini atachagua Ganguli kwa sababu hiyohiyo.

Njia ya kuisoma bila kuzama ni kuruka bila haya. Kitabu cha kwanza kinafunguka kwa visa vya nyoka na kafara. Vipite, anzia kwa mfalme Shantanu. Sabha Parva usiache hata mstari. Vana Parva ni ghala la visa vya pembeni: chukua Nala na Damayanti, na Savitri anayemshinda mungu wa mauti kwa maneno, mengine yaweke akiba. Virata Parva ni burudani, maana ndugu hao wamejificha mwaka mzima katika jumba la mfalme, Bhima akiwa mpishi na Arjuna mwalimu wa ngoma. Kuanzia Udyoga hadi Stri Parva, ambamo wajane wanapita uwanjani wakitafuta maiti zao, usiruke. Kisha Shanti na Anushasana, mafundisho ya Bhishma akiwa amelala juu ya mishale: ni karibu robo ya utenzi mzima, na ndipo wasomaji wengi wanapozikwa. Soma sura chache za mwanzo za Shanti, za Yudhishthira akikataa ufalme, halafu nenda kwenye vitabu vinne vya mwisho, ambavyo ni vifupi.

Andaa karatasi ya majina tangu siku ya kwanza. Arjuna ni Partha, Dhananjaya, Savyasachi na mengine mengi. Krishna ni jina la mungu, ni jina la Vyasa mwenyewe, na kwa irabu ndefu mwishoni ni jina la Draupadi. Bharata ni mdogo wa Rama kwenye utenzi mmoja. Kwenye mwingine ni babu wa ukoo, na kila mzao wake anaweza kuitwa hivyo. Ukiona Ram, Mahabharat, Arjun, ni matamshi ya Kihindi na Kigujarati yanayodondosha irabu ya mwisho. Sikio la Kiswahili litashukuru kwa kuibakiza.

Zinavyoishi kati ya watu

Ramayana inaimbwa na kuigizwa; Mahabharata inanukuliwa. Ramlila, maigizo ya hadithi ya Rama yanayoishia kwa kuchoma sanamu ya Ravana siku ya Dussehra, yamo katika orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2008, na yale ya Ramnagar karibu na Varanasi huchukua takriban mwezi mzima. Ramcharitmanas ina vituo vilivyowekwa ndani yake vya kuisoma kwa siku 9 au siku 30, na kuna familia zinazoisoma mfululizo kwa zamu, bila kukata, kazi ya saa 24 hivi. Ukialikwa kwenye kisomo cha namna hiyo, au kile kifupi cha Sundara Kanda cha Hanuman, vua viatu, usiweke kitabu sakafuni, na kinachogawiwa mwishoni pokea kwa mkono wa kulia.

Katika Afrika Mashariki, jamii nyingi za Wahindu zina asili ya Gujarati, na hilo linabadilisha mizani. Diwali kwao ni siku ya taa za kurejea Rama, lakini ni pia siku ya kufunga mwaka wa hesabu, ambapo madaftari mapya ya biashara huombewa baraka za Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri. Salamu utakayoisikia nyumba nyingi ni ya Krishna. Dwarka, mji ambao Mahabharata inasema Krishna aliutawala, uko kwenye ncha ya magharibi ya Kathiawar, na ni kutoka Kathiawar na Kutch ambako majahazi ya kaskazi yaliwaleta wafanyabiashara Unguja na Mombasa. Katika Mausala Parva, kitabu cha 16, ukoo wa Krishna unalewa na kuuana wenyewe kwa wenyewe ufukweni, kisha bahari inaufunika mji. Msomaji wa mwambao hahitaji kuelezwa picha hiyo.

Uzito huo una upande wake mchungu. B. R. Ambedkar na Periyar, wapinzani wa mfumo wa tabaka wa India, waliishambulia Ramayana kwa sababu ya tabaka, wakionyesha kisa cha Shambuka, mtu wa tabaka la chini aliyeuawa na Rama kwa kufanya ibada isiyoruhusiwa kwake. Mahabharata ina Ekalavya, kijana wa msituni aliyejifunza upinde peke yake mbele ya sanamu ya Drona, akatozwa kidole gumba kama ada. Na Ayodhya haikubaki jina la kitabuni: msikiti wa Babri mjini humo ulibomolewa tarehe 6 Desemba 1992, Mahakama ya Juu ya India ikaamua kesi ya kiwanja hicho mwaka 2019, na hekalu la Rama likazinduliwa tarehe 22 Januari 2024. Mahabharata haijazaa mgogoro wa kiwanja kama huo.

Runinga, na zawadi

Kama macho yanachoka, kuna tamthilia mbili za runinga ya taifa ya India: Ramayan ya Ramanand Sagar, vipindi 78 vya 1987–1988, na Mahabharat ya B. R. Chopra, vipindi 94 vya 1988–1990. Ya pili ni bora kwa uandishi. Ya kwanza ni ya ucha Mungu, inakwenda taratibu, na inafuata Tulsidas kwa sehemu kubwa, kwa hiyo usiitumie kumhukumu Valmiki.

Mwalimu wa fasihi anayetaka kulinganisha tenzi achukue Ayodhya Kanda peke yake, fungu la pili la Ramayana: lina ikulu, hila, kiapo na kilio cha baba, na linajitosheleza. Mwandishi wa tamthilia achukue Sabha Parva. Mzazi wa watoto walio chini ya miaka 10 aende kwa Hanuman na daraja, aiache Mahabharata mpaka wakue.

Na kama unanunua zawadi kwa rafiki Mhindu, chagua Gita au Ramayana. Katika familia nyingi kuna imani ya zamani kwamba Mahabharata kamili haiwekwi ndani ya nyumba, kwa kuwa huleta ugomvi wa ndugu. Wapo wanaoicheka imani hiyo na wapo wanaoishika, na kadi ya harusi haitakuambia aliyekualika ni yupi.